Wanaomsuta mgonjwa kanisani wasome Mathayo 27

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, hili jambo limenikaa rohoni tangu Ijumaa Kuu.

Vijana wa usharika wetu huwa wanaigiza mateso ya Yesu, wale askari wanamvika joho (kiukweli ni kitenge cha mama wa mtu), wanampa mwanzi mkononi, wanapiga magoti "Salamu, mfalme wa Wayahudi!" na watu wanacheka, watoto wanarekodi na simu. Kicheko hicho wala hakinisumbui, ni maigizo. Kinachonisumbua ni kwamba tukitoka pale tunajua waliomdhihaki Yesu ni askari wa Kirumi, basi, wapagani wasiojua kitu.

Soma Mathayo 27 kuanzia mstari wa 39 jamani. Wapita njia wanatikisa vichwa, halafu wanakuja wakuu wa makuhani, waandishi na wazee, yani kwa sasa ni kama askofu, mwalimu wa chuo cha Biblia na mzee wa kanisa, wamesimama mbele ya mtu anayekata roho wanasema aliokoa wengine, kujiokoa hawezi, si anamtegemea Mungu, basi Mungu amwokoe. Na maneno hayo yapo karibu yale yale Zaburi 22, kwenye midomo ya wanaomfyonya mtu anayeteseka. Watu waliosoma kabisa!

Sasa hoja yao ni ipi? Kwamba Mungu akiwa upande wako huwezi kuwa hivyo ulivyo. Mbona hiyo naisikia kila wiki, mtu figo zimefeli anaambiwa imani yako ndogo, dada hajapata mtoto wanaanza oh labda ujanani kuna kitu alifanya, tena wanaongea wakiwa wameshika Biblia. Hanna wa kwenye Biblia, aliyekuwa hana mtoto, naye yalimkuta haya haya, mke mwenzake Penina alikuwa anamchokoza mwaka hadi mwaka, na wapi? Safarini kwenda kuabudu Shilo, mpaka Hanna akawa analia, chakula hakipandi. Akienda kuomba, kuhani Eli anaona midomo inacheza sauti haitoki, anamwambia amelewa.

Najua kuna atakayeniletea nabii Eliya pale mlima Karmeli, alivyowakejeli manabii wa Baali eti huenda mungu wenu amelala. Sawa, ila Eliya alikuwa peke yake mbele ya manabii 450 na ikulu ilikuwa upande wao, hakwenda kumkejeli mgonjwa kitandani.

Ombi langu kwa wachungaji ni dogo, mnapohubiri Ayubu msiruke kutoka "BWANA alitoa na BWANA ametwaa" moja kwa moja hadi alivyorudishiwa mali mara mbili. Hapo kati kuna marafiki watatu ambao walianza vizuri tu, walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno, wakaharibu walipofungua mdomo na kuanza kumtafutia dhambi. Mwisho Mungu anawakasirikia wao, wanaambiwa walete ng'ombe waume 7 na kondoo waume 7, tena wampelekee yule yule waliyemsema, awaombee. Hiyo sura ya 42 mstari wa 7 na wa 8 sijaisikia mimbarini hata siku moja.

Msomaji wako,
Morogoro