Vipimo uliviandika wewe

Lubumbashi, komini ya Kenya
12 Oktoba 2025

Baba Mapasa, ndugu yangu,

Jambo sana. Mama Mapasa naye jambo sana, pamoja na watoto na wajukuu wote wa huko Likasi. Sisi huku tu wazima. Mgongo ndio unanisumbua asubuhi, lakini nikikaa kidogo juani unanyooka. Mijakaranda ya mjini imetoa maua, mvua bado, na vumbi ni lilelile unalolijua.

Barua hii nimempa yule mjukuu wangu mrefu akuletee. Ningeweza kukupigia simu, lakini neno lenyewe si la simu. Simu inakatika katikati ya neno, na wewe sikio la kulia limechoka. Isome polepole, ukiwa peke yako ukitaka.

Ni hivi. Juma lililopita binti yangu mkubwa alikuja akaniambia, "Baba, sanduku la mama tulifungue, vikwembe vitaliwa na wadudu." Miaka mitatu tangu tumzike sikuligusa. Nilikubali, nikakaa kitandani, yeye akawa anatoa kitenge kimoja kimoja, anakunjua, ananionyesha. Chini kabisa, ndani ya gazeti, kulikuwa na daftari langu la vipimo. Lile la kwanza, la jalada jeusi. Nilikuwa najua lilipotea zamani tulipohama lupango, yaani uwanja wa nyumba yetu. Kumbe alilificha yeye, na hakuniambia hata siku moja.

Unalikumbuka namna lilivyo. Kila mteja mstari wake: kifua, kiuno, nyonga, bega, mkono, urefu, halafu mwisho bei kwa makuta. Siku zile zaire moja ilikuwa makuta 100, na mtu akikutolea zaire nzima unamwangalia mara mbili. Nimelisoma daftari lile usiku kucha kama mtu anayesoma Biblia. Watu wengi wa mle wamekufa, Baba Mapasa. Lakini mimi nikisoma kifua 104, kiuno 98, bega 47, namwona kabisa yule fundi wa matofali aliyekuwa anakaa nyuma ya soko, anacheka na jino lake moja la dhahabu. Mtu akifa nguo zake zinagawanywa, picha zinafifia, ila mwili wake kwangu mimi umebaki katika tarakimu. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo kabla ya usiku ule.

Mimi kazi hii niliianza mwaka 1965, mji wetu ungali unaitwa Elisabethville. Mwaka uliofuata ndipo ukaitwa Lubumbashi. Baba alinipeleka kwa mzee mmoja wa Kamalondo, komini nyingine ya mji huu, nikawa kijana wa kuokota pini na kupuliza pasi ya makaa. Mwaka mzima sikuruhusiwa kukalia mashini. Mzee alikuwa ananipa vipande vya gunia, nashona tundu la kifungo, anakata kwa mkasi, nashona tena. Nilimchukia sana wakati ule. Leo namwombea kila Jumapili, kwa sababu tundu la kifungo langu halijawahi kufumuka kwa mtu yeyote. Na kitu kingine alichonifundisha ni kumpima mwanamke: husimami mbele yake. Simama ubavuni, upitishe utepe mgongoni, mwache mwenyewe auunganishe mbele, wewe usome tarakimu tu kisha utazame ukuta. Alikuwa anasema fundi asiye na adabu hafiki mbali, maana nguo anaileta mke lakini mume ndiye anayelipa.

Mwaka 1969 nikapata Singer yangu ya mguu, ile ile ninayoitumia hadi leo. Wewe ulikuwa umeshaingia reli. Nakuona bado unarudi kutoka Kamina na kofia yako ya kazi, chupa ya mawese katika mkono mmoja na maharage katika mwingine, unapita kwangu kabla hata ya kwenda kwenu. Jioni king'ora cha kiwanda kinalia, watu wa zamu wanamwagika barabarani na baiskeli, na mwisho wa mwezi foleni mlangoni kwangu inafika kwa jirani. Suruali za miguu mipana! Kijana analeta kitambaa cha suruali moja anataka chini pawe na sentimeta 30, anataka na viraka viwili pembeni. Halafu mabishano yenu ya mpira. Wewe na wenzako wa reli mko Saint-Éloi Lupopo hadi mifupa, mimi niko na Englebert, timu ambayo leo inaitwa TP Mazembe, na tulipochukua kombe la Afrika la 1967 na la 1968, mara mbili mfululizo, hukuja dukani kwangu siku tisa. Nilizihesabu. Siku ya kumi ulikuja na suruali ya kurekebisha, hukusalimu, ulisema tu, "Upunguze kiuno." Nikakupunguzia, tukaendelea na maisha.

Sasa sikiliza neno lenyewe.

Katika ukurasa wa Desemba 1970, mwandiko unabadilika. Mistari yote ni yangu, imelala kulia namna nilivyoandika siku zote. Mstari mmoja umesimama wima, herufi kubwa kama za tiketi ya gari la moshi. Huo ni mkono wako. Kifua 86, kiuno 64, nyonga 92, bega 37, urefu 98. Na pahali pa bei umeandika sifuri, ukaizungushia duara.

Ndipo yote yakanirudia. Ulikuwa umekaa kwenye kibao karibu na mlango unakula karanga. Mke wangu, wakati ule bado binti wa watu, aliingia na mdogo wake, kikwembe amekikunja kifuani, cha kahawia chenye ndege wa manjano. Akasema, "Fundi, minataka nkanzu ya Bonane. Isikuwe mufupi sana, baba atakasirika." Nikachukua utepe. Nikasimama ubavuni kama nilivyofundishwa, nikatazama ukuta kama nilivyofundishwa, na mikono ikaanza kutetemeka hivi kwamba kalamu ilianguka mara mbili. Nikakupa daftari nikasema andika. Nikawa nataja, wewe unaandika. Alipotoka hukusema kitu. Ulimaliza karanga zako, ukasema, "Huyu, mukubwa, usimupoteze." Basi.

Hiyo sifuri sasa. Karibu miaka 50 ya ndoa, kila nilipomkasirisha, alikuwa anasema mbele ya watoto, "Nkanzu yangu ya kwanza alinipatia Baba Mapasa, hapana weye." Nami nilibisha, nikisema ni mimi niliyekataa pesa yake. Niliamini hivyo kwa moyo wote. Leo naona sifuri ni ya mkono wako. Je, nilikuambia uiandike, au uliiandika mwenyewe, na yeye akaisoma kabla yangu? Niambie kweli. Ikiwa alikuwa na haki, nataka nimwambie pale makaburini.

Lakini hata hilo si kubwa. Kubwa ni usiku wenyewe wa Bonane, ule wa mwaka mpya.

Kitambaa kilikuwa kimepungua, unajua. Mtu aliyemwuzia alimpimia vibaya. Ili nifikishe sentimeta 98 ilibidi upindo uwe mwembamba kama utambi, na uzi wa kahawia uliniishia saa mbili usiku, maduka yamefungwa. Nikaupiga upindo kwa mkono, kwa uzi mweusi, mishono mirefu ya kushikiza tu, huku mdogo wake amesimama mlangoni anangoja. Nikampa nguo nikijua kwamba inaweza kufumuka mbele ya watu.

Basi tulipofika Kamalondo kwenye dansi, mimi sikuona kitu kingine. Unakumbuka tulivyovaa: wewe koti lako la kijivu, mimi shati jeupe nililolipiga pasi hadi likawaka. Wazee wetu kabla yetu walicheza mbeni, na ngoma na mavazi ya kiaskari, baba alikuwa anatusimulia. Sisi tulikuwa watoto wa gita. Pale Katanga mtu alijifunza gita kwa kusikiliza vidole vya Jean-Bosco Mwenda, na kila lupango palikuwa na kijana anayejaribu kufanya kidole gumba kitembee peke yake. Usiku ule orkestra ilianza na rumba, halafu cha-cha-cha, na baadaye kiri-kiri, ambayo ndiyo ilikuwa ngoma ya vijana. Bia ya Simba ya baridi mezani. Wote wanacheka. Na mimi nimekaa pembeni, macho yangu kwenye upindo wa gauni moja la ndege wa manjano.

Wewe ndiye uliyemwinua. Nyimbo tatu. Uliona ninaogopa, ukaenda kucheza naye ili asichukuliwe na mtu mwingine, hilo nililielewa baadaye na nilikushukuru kimoyomoyo. Nilihesabu mishono. Kila alipozunguka nilishika meza. Upindo haukufumuka.

Katika wimbo wa pili aliinama akakuambia neno sikioni, nawe ukageuka ukaniangalia. Hilo tu niliona juu ya upindo. Baada ya ndoa nilimwuliza, "Ulimwambia nini?" Akacheka akasema, "Uulize mwenzako." Nikaona haya kukuuliza. Halafu watoto wakaja, kazi ikaja, nawe ukahamia Likasi.

Unajua mengine yote, sitayarefusha. Namna ulivyobeba barua zangu kwenye kofia yako ya reli, kwa sababu baba yake alikuwa anakagua kila kitu ila hakuthubutu kukagua kofia ya mtu wa reli. Namna wazee walivyokaa mara tatu juu ya mali ya mahari, na mjomba wake akataka na blanketi mbili zaidi. Harusi yenyewe tuliifunga mwaka 1973, na pale nina jambo la kukukumbusha. Suti yangu nilikuwa nimeishona mapema, na tai nimenunua. Lakini nchi ilikwisha kuwa Zaire tangu 1971, na tai sasa ilikuwa nguo ya kikoloni. Mwanamume alitakiwa kuvaa abakosti, koti lisilovaliwa na tai. Nilikesha siku nne kuigeuza. Kola ya suti inalala, kola ya abakosti inasimama, na mbele inafungwa juu kabisa, kwa hiyo kitambaa kinachofunika kifua ulikwisha kukikata zamani. Nilikata suruali ya pili kupata kola na kiraka cha kifua, nikatafuta mahali pa kuunganisha pasionekane. Wewe ulikaa nami usiku ule wa mwisho umeshika taa. Watu wa harusi walisema abakosti imependeza. Mshono uko chini ya mfuko wa kushoto, hadi leo anayeujua ni wewe.

Lile gauni la ndege lilikwisha kama nguo zinavyokwisha. Kwanza alilivaa hadi likambana, akalifumua mwenyewe, akambebea mtoto wetu wa kwanza mgongoni. Vilivyobaki vilikuwa vitambaa vya jikoni, vya kushikia sufuria ya bukari, yaani ugali. Sikubakiwa na hata kipande. Nina tarakimu tano tu.

Ndiyo maana nakuandikia. Juzi yule mrefu aliniuliza, "Tate, bibi alikuwa anacheza namna gani?" Nikafungua kinywa, sikuwa na la kumwambia. Nilikuwa fundi, niliangalia upindo. Wote waliokuwa mezani kwetu usiku ule wamekwisha kuondoka, nimewapitia mmoja mmoja kichwani. Uso wake ulikuwaje, Baba Mapasa? Alikuwa anakanyaga kwa haya au alikuwa anajua? Alikuwa anakutazama wewe, au ananitafuta? Na lile neno la sikioni lilikuwa neno gani?

Usiniandikie maneno ya kunifariji. Ukiwa umesahau, sema nimesahau, sitaumia. Lakini kama unakumbuka hata kidogo, mwambie Mama Mapasa au mjukuu aandike unavyosema, hivyo hivyo, kwa lugha ya nyumbani. Kijana atalala kwenu siku mbili, atarudi na jibu.

Nimempa pia mfuko wa unga, na utepe wangu wa kupimia. Nina kitambaa cha shati, cha bluu tulivu, nimekiweka tangu mwaka jana kwa ajili yako, na vipimo vyako nilivyo navyo ni vya mtu aliyekuwa na tumbo. Umeme huku unakwenda na kurudi, lakini mashini ya mguu haiulizi umeme. Akupime kifua, bega, mkono na shingo. Tarakimu usimwachie yeye, ziandike kwa mkono wako, wima, kama za tiketi. Na pahali pa bei unajua la kuandika.

Ni mimi,
fundi wako wa Kenya