Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo wa Uingereza: vilabu vya futiboli ya Kimarekani vinahitaji kiwanja cha kudumu

Mheshimiwa Waziri wa Utamaduni, Vyombo vya Habari na Michezo,

Tarehe 16 Julai 1983, pale Stamford Bridge, London Ravens waliwashinda Northwich Spartans 48–0 katika mechi ya kwanza ya futiboli ya Kimarekani kati ya timu mbili za Uingereza. Televisheni ya Channel 4 ilikuwa na miezi minane tu tangu ianze kuonyesha mechi za NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani. Ravens wakatwaa ubingwa wa 1985, 1986 na 1987. Leo klabu hiyo haipo.

Sisi wa vilabu vya ridhaa vya mchezo huu tunaanza na Ravens kwa sababu kila serikali iliyopita imeupima mchezo huu kwa umati wa Wembley. Juni 1991 watu 61,108 waliitazama hapo timu ya kulipwa ya London Monarchs ikiichapa Barcelona Dragons 21–0. Monarchs nao hawakuufikia mwaka 2000. NFL imekuwa ikicheza mechi za msimu wake London tangu 2007. Katikati ya shamrashamra hizo, Aprili 2010, ligi ya ridhaa ya Uingereza ilifungwa msimu ukiwa mlangoni, na BAFA, chama cha futiboli ya Kimarekani cha Uingereza, kikalazimika kuunda nyingine haraka. Fedha za jukwaa kubwa hazishuki zenyewe hadi kwenye klabu ya mtaani. Klabu inaishi kwa kiwanja, stoo na mistari, na hayo yamo mikononi mwa halmashauri ambazo ofisi yako inaweza kuziongoza.

Tottenham walijenga uwanja wa pili wa nyasi bandia chini ya nyasi za soka kwa ajili ya mchezo huu. Klabu ya ridhaa hukodi kiwanja cha watu wengine, na hapo ndipo vipimo vinapoanza kugoma. Futiboli ya Kimarekani inataka yadi 120 kwa yadi 53 na theluthi moja, yaani mita 109.7 kwa 48.8. Ongeza ukanda wazi wa futi 12 pande zote, unapata takriban mita 117 kwa 56. Kiwanja cha soka cha mita 105 kwa 68 kina upana wa kutosha, lakini ni kifupi. Cha raga kinatosha, ila milingoti yake imesimama mahali pa hatari.

Hesabu yake ni hii. Milingoti ya raga husimama kwenye mistari ya goli, ambayo katika kiwanja kamili iko mita 100 kutoka mmoja hadi mwingine. Mistari yetu ya goli iko mita 91.44. Ukipanga viwanja vyote viwili kutoka kituo kimoja cha kati, kila goli la raga linaangukia mita 4.28 ndani ya eneo la tachidauni (ukanda wa kufungia pointi nyuma ya mstari wa goli), pale hasa mpokeaji anapokimbia kwa kasi yote huku akiangalia mpira nyuma ya bega. Sponji ya kuzungushia nguzo hupunguza madhara, haiondoi hatari. Dawa ni kuchimbia soketi (vishikio vya nguzo ardhini) nyingine mbili kila upande, mita 54.86 kutoka kati, na kuhamishia nguzo huko kiangazi. Hakuna haja ya kununua magoli mapya: la raga lina upana wa mita 5.6 na mwamba wake uko mita 3 juu. Letu ni 5.64 na 3.05. Tofauti hiyo fundi huimaliza kwenye soketi na vishikio vya mwamba.

Mistari nayo ina gharama. Kuna mstari kila yadi 5, na jumla yake ni kama mita 1,340 kabla ya alama fupi za katikati na namba. Wafanyakazi wa mbuga wasiouzoea mchezo hupima kila mstari kutoka kwa ule uliotangulia, na kosa la sentimita 3 likirudiwa mara 20 linakuwa sentimita 60. Mnyororo wa yadi 10, ambao waamuzi huutumia kupima umbali ambao timu imesonga mbele, ukishushwa, haukubaliani tena na kiwanja. Tepu ya mita 100 ilazwe mara moja kutoka goli hadi goli, alama zote zisomwe hapo, kila mita 4.572.

Kuhusu nyasi, tunaielewa hofu ya halmashauri. Msimu wetu ni wa kiangazi, wakati ambapo viwanja vya raga hupandwa mbegu na kupumzishwa. Lakini mchezo huu hauchakazi kiwanja kizima. Kila shambulizi huanzia kati ya alama fupi, au juu yake, kwa hiyo uharibifu mwingi hukaa kwenye ukanda wa mita 15 hivi. Penye viwanja viwili, kimoja kipumzishwe mwaka huu na kingine mwaka ujao. Penye kimoja, ukanda huo upandwe upya Agosti mara tu tunapoondoka.

Stoo ndiyo inayodharauliwa kuliko yote. Helmeti zikikaa kwenye banda lenye unyevu, sponji huota ukungu na skrubu za kinga ya uso hushika kutu. Mchezaji akishukiwa kuumia shingo, mhudumu huiacha helmeti kichwani na kuondoa kinga ya uso ili afikie njia ya hewa. Skrubu iliyoganda inapoteza muda ambao mtu huyo hana. Kontena moja la futi 20 lenye matundu ya hewa linatosha klabu nzima.

Washauri wako huenda watasema futiboli ya bendera (ambamo mchezaji husimamishwa kwa kung'olewa bendera kiunoni, si kwa kuangushwa), itakayochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, ni nafuu zaidi. Ni kweli, na tunaipenda. Lakini makocha na waamuzi wake wengi wanatoka kwenye vilabu hivi hivi.

Tunaomba Sport England, shirika la umma la kukuza michezo, iuhesabu mchezo huu kwa jina lake katika mipango ya viwanja, badala ya kuutupa kwenye fungu la "michezo mingine". Tunaomba pia waraka kwa halmashauri: mkataba wa angalau miaka 5 kwa klabu moja kwenye kiwanja cha raga, Aprili hadi Agosti, ukitaja soketi za nguzo na kontena. Utoke kabla ya Januari, ili soketi zichimbiwe na zege ikauke kabla ya mechi za Aprili.