Baba, naomba kuchora kifua chako

Baba mpendwa,

Assalaam aleikum. Huku Glasgow baridi imeshaanza, lakini mimi mzima na masomo yanaendelea. Mama nimeongea naye kwa simu. Barua hii ni yako.

Mdogo wangu alinitumia picha ya ile eksirei ya kifua uliyopigwa hospitali ya Mulago, ameiegemeza kwenye kioo cha dirisha. Naomba ruhusa yako niitumie katika filamu yangu.

Filamu yenyewe naichora kwa mkono, penseli na karatasi, juu ya meza yenye taa chini ya kioo ili mchoro uliotangulia uonekane chini ya mpya. Sekunde moja inataka michoro 12. Moyo ukipiga mara 60 kwa dakika, pigo moja ni karatasi 12: misuli inajikaza, damu inatoka, misuli inalegea, moyo unajaa tena.

Kwa nini yako? Fundi wa eksirei alikwambia, "Vuta pumzi, bana," sivyo? Huwa wanataka mapafu yajae na kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kishuke, tena mtu atulie, picha isififie. Kwenye picha hewa hutoka nyeusi. Mifupa hutoka myeupe kwa kuwa madini yake huzuia miale. Kwa hiyo daktari alikuona ukiwa umezuia pumzi, na kwa kazi yake inatosha. Mimi nataka zile mbavu zishuke, Baba, kiwambo kipande juu, pumzi itoke. Halafu mtulinga wako wa kulia, ule mfupa wa begani, umekaa chini kuliko wa kushoto. Miaka yote ile ya magunia ya kahawa! Nilikutambua kabla sijasoma jina.

Röntgen, aliyegundua miale hiyo mwaka 1895, alipiga picha ya mkono wa mkewe, na pete inaonekana kidoleni. Tangu mwanzo eksirei imekuwa picha ya mtu wa nyumbani.

Jina lako na umri sitaviweka. Najua hapo Bombo wapo watakaoona si heshima kuonyesha watu undani wa mzee, na ukikataa, sitachora hata mstari.

Ukikubali, mwambie mdogo wangu arekodi pumzi zako kwa simu ukiwa barazani baada ya alasiri, redio imezimwa. Dakika moja inatosha. Nitahesabu michoro kwa kufuata pumzi hizo.

Wasalaam,
Mwanao