"Me gusta" ifundishwe kwa Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na walimu wenzangu wa Kihispania. Nimefundisha lugha hii kwa wanaoanza miaka tisa sasa, na kila darasa jipya hukwama palepale: kusema unachopenda na usichopenda.

Vitabu tunavyotegemea vimeandikwa kwa Kiingereza. Vikifika kwenye "me gusta", yaani "inanipendeza", vinadai kwamba sentensi hiyo imekaa kichwa chini miguu juu, basi mwanafunzi aikariri. Anakariri, kisha kesho yake, akitaka kusema anapenda vitabu, ananiletea "yo gusto los libros", kana kwamba "yo", yaani "mimi", ndiye mtenda. Nasahihisha, wiki inayofuata anarudia.

Mwaka jana mama mmoja wa makamo aliweka kalamu chini akaniambia, "Mwalimu, mbona hii haijageuka? Si ndiyo 'vitabu vinanipendeza'?"

Nilisimama na chaki mkononi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiwapitisha watu kwenye Kiingereza kwenda mahali ambapo Kiswahili kilikwisha kuwafikisha. Tazama: kitabu kinanipendeza, me gusta el libro. Vitabu vinanipendeza, me gustan los libros. Ile "me" ni "-ni-" yetu ya katikati, na "-n" ya "gustan" inavifuata vitabu kama "vi-" inavyovifuata. Kitu ndicho kinachotenda, mimi natendewa. Na mtu akisema kichwa kinaniuma, nani huona ajabu? Mhispania naye husema me duele la cabeza. Miguu ikiuma, me duelen los pies. Kelele zikinikera, me molesta el ruido.

Hata yale yanayoitwa magumu yanalainika. Kuimba na kucheza ni vitendo viwili, lakini Kihispania hubaki na umoja, me gusta cantar y bailar, nasi pia twasema "kunanipendeza" basi. "Le gusta" haionyeshi kama ni mwanamume au mwanamke, sawa na "inampendeza". Ndiyo maana huongezwa "a ella" (kwa mwanamke) au "a él" (kwa mwanamume) pale panapohitaji kufafanuliwa.

Sisemi Kiswahili kinatosha kila mahali. Hatuna kile kineno "la" au "el", kwa hiyo wanafunzi wetu huandika "me gusta música" badala ya "me gusta la música", na hapo ni mazoezi tu. Pia wengi hujibu "yo también", yaani "mimi pia", mwenzao anaposema kitu kinampendeza, ilhali jibu ni "a mí también", yaani "kwangu pia". Akisema hakimpendezi, nawe vilevile, ni "a mí tampoco", yaani hata mimi.

Linaloniumiza zaidi ni hili. Kwa kuogopa "gustar", kitenzi chenyewe cha "me gusta", wanafunzi hukimbilia "odio", kwa sababu inanyambulika kirahisi kama "nachukia". Mtu hapendi joto kidogo tu, anatangaza "odio el calor". Neno hilo ni zito. "No me gusta" linatosha, na ukitaka kukazia, "no me gusta nada", hainipendezi hata kidogo. Vivyo hivyo na watu: "me gustas" mara nyingi humaanisha umenivutia kimapenzi. Mwenzako wa kazini ambaye unamwona mtu mwema, mwambie "me caes bien". Nimeona mtu mzima akinyamaza muhula mzima baada ya kukosea hapo mbele ya wenzake, na kosa lilikuwa letu tusiomtahadharisha.

Nawaomba wanaotunga vitabu vya Kihispania kwa wasomaji wa Kiswahili waache kutafsiri maelezo ya Kiingereza. Muhula huu, wiki ya kwanza, sikuandika "gusta" kabisa ubaoni. Niliandika "kichwa kinaniuma", nikawauliza ni nani hapo anayemfanya nini mwenzake. Yule mama, ambaye sasa yuko darasa la juu, alikuja siku hiyo akaketi nyuma kuwasaidia wageni.

Mwalimu wa Kihispania, msomaji wako wa siku nyingi