Yaya, nitafutie ile karne ya boni

Lubumbashi, Jumatano usiku

Yaya yangu, dada yangu mkubwa,

Jambo sana, habari za Kolwezi, habari za watoto, habari za muzee na magoti yake. Sisi huku tuko, tunasukuma. Najua nimenyamaza tangu Pasaka, na najua utasema huyu mtoto akiandika ujue kuna kitu anataka. Ni kweli, kuna kitu nataka. Ile karne ya boni za depo, kile kidaftari cha hati za kutolea mzigo, ile yenye karatasi nyeupe juu, ya pinki chini na kaboni katikati, tuliyokuwa tunaandikia unga ukitoka wakati tunauza wote pale Kenya, komini yetu ya hapa Lubumbashi. Ulihama nayo, mimi nina uhakika, uliitia ndani ya sanduku la buluu pamoja na vitenge vya marehemu mama. Nataka boni moja tu. Ya bwana wa kantini.

Ndiyo yaya, yeye yeye, yule wa sauti ya nne kwenye kwaya yetu.

Hesabu unaikumbuka: alichukua saki 240 za unga za kilo 25, dola 18 kila saki, jumla 4,320, akatoa 1,000 ya mbele, zikabaki 3,320 "mpaka mwisho wa mwezi". Mwezi gani hakusema, na sisi hatukuuliza, njo kosa letu hilo. Nimemfuata mpaka viatu vimeisha. Mara kampuni haijamlipa, mara bibi yake anaumwa, mara simu imezima, na kila Jumapili ananipa mkono, "Amani mama." Dawa ya deni kulipa, yeye anafikiri ni kuimba.

Basi mwezi uliopita nikaenda kwa avoka, mwanasheria, yule mwembamba aliyemsaidia Mama Mapacha na mambo ya parseli, kile kiwanja chake. Nilidhani ataniambia nijitayarishe kwa kesi ya miaka mitano. Kumbe tangu Kongo iingie OHADA, ule umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, ni 2012, kuna njia fupi, wanaiita enjonksio ya kulipa. Unapeleka ombi na makaratasi yako kwa prezida wa Tribinali ya Biashara, korti ya wafanyabiashara, akiona deni lina uhakika, kiasi kinajulikana na siku ya kulipa imepita, anasaini amri yule mtu alipe, bila hata kumwita kwanza. Aliposaini nililia yaya. Nikanunua na kuku.

Kuku nilimla bure. Wisie, yule mpeleka karatasi wa korti, alimpelekea karatasi siku ya Alhamisi, Jumapili tuko kwaya, bwana anaimba macho yako kwenye dari. Kabla siku zake za kupinga hazijaisha, akapinga. Na akishapinga, ile amri haikusaidii tena peke yake, mambo yanakwenda mbele ya tribinali yenyewe, na mimi niliyeiomba njo ninapaswa kuonyesha kwamba deni ni la kweli. Si yeye, mimi! Hapo nikashikwa. Maana yeye anadai eti saki 60 zilifika zimelowa, na alitupigia simu siku ileile kutuambia. Ulikuwepo! Wewe mwenyewe ulimpa kalamu, akaegemea bawa la kamio, lile lori, akaandika kwa mkono wake amepokea 240, hali nzuri, akasaini na ule mkia wake mrefu unaotoka nje ya mstari. Nyeupe alibaki nayo na sasa anasema ilipotea. Ya pinki iko kwako. Ninaomba Mungu iwe kwako.

Halafu unga uliolowa yaya, nani asiyeujua? Unashikana kama udongo wa kufyatulia matofali, siku ya pili unanuka, hakuna bukari, hakuna ugali wa mtu hapo. Na kantini yake haikufunga hata siku moja. Wale watu aliwapikia nini, mchanga? Nilitaka kumuuliza hivyo mbele ya majuji, avoka akasema mama tulia, tuanze na karatasi. Lakini nimefurahi kusikia majuji ni watatu, mmoja ni wa kazi hiyo na wawili ni wafanyabiashara kama sisi. Bila shaka kati ya wale wawili mmoja ameshawahi kufungua saki mbovu.

Ni Jumanne ijayo. Kwanza watajaribu kutupatanisha, ni sheria. Tukielewana wanaandika, tunasaini wote, na ile karatasi inakuwa na nguvu ya kukamata mali yake akirudia tabia yake. Mimi kwa kweli ningetaka iishie hapo, alipe hata mara nne, tuendelee kuimba. Ila yeye anatangaza sokoni kwamba akishindwa hapa atakwenda kor dapeli, korti ya rufaa, na akishindwa kule atafika Abidjan kwenye korti kubwa ya OHADA. Abidjan! Kwa dola 3,320! Hiyo feza ya ndege si anipe tu mimi.

Na wamama wa kanisa wamenigeuka. Eti mambo ya ndugu hayapelekwi tribinali. Mama Mapacha, ambaye avoka nilimpata kupitia yeye, ananisalimia kwa kidevu. Usiku mwingine najiuliza kama... basi, wacha. Nimeshatoa karibu 500, avoka, grefu (ofisi ya makaratasi ya korti), wisie, taksi za kwenda na kurudi kwa sababu karatasi moja haina muhuri. Halafu asubuhi nafungua depo, naona ule ukuta tuliokuwa tunapanga saki mpaka juu, mweupe, na mimi nimekaa chini yake nauza unga kwa kopo. Hasira inarudi.

Usinitumie picha tu, avoka anataka karatasi yenyewe. Usiichane, tuma karne nzima kwenye bahasha, mpe yule dereva wa basi anayekujua, nitaingoja garini, pale mabasi yanaposimama. Na kama kwenye simu yako bado kuna ujumbe wowote wa bwana yule, hata ule wa kusifu unga, usifute. Nimeambiwa kati ya wafanyabiashara ushahidi ni wa kila namna, hata wa simu. Yangu ya zamani iliondoka na mwizi kwenye taksibisi ya Katuba, na kila kitu ndani.

Sasa nijibu. Karne unayo ama ulishawashia makala, yale makaa ya jikoni? Ungekubali kuja Jumanne kusema ulichokiona, nauli juu yangu? Muzee atakuachia? Na yule wako wa mbao, alimaliza kulipa? Ni tangu lini? Uangalie sana yaya, madeni ya kuuziana vitu kati ya wafanyabiashara yanakufa miaka 2 ikipita, na wewe najua unavyomhurumia yule mtu. Alikusainia chochote? Na mtoto, pua bado inatoka damu?

Mudogo wako wa Kenya, si ile ya Nairobi

Kufuli la lile sanduku likikataa, zungusha kushoto kwanza, halafu piga kidogo kwa kiatu.