Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Chake Chake

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Shughuli za kawaida za chama chetu cha utungaji mitihani mnazijua, sitozirefusha. Semina za utungaji wa maswali zimefanyika, moja Wete na moja Unguja. Benki ya maswali imeongezeka. Mtihani wa pamoja wa Hisabati wa Kidato cha Pili, maswali 40 ya kuchagua, umetungwa, umepigwa chapa, umesambazwa na umesahihishwa. Waliofanya kazi wanajijua, na wasiofanya wanajijua zaidi.

Fedha: wanachama 64, waliolipa ada 23, kila mmoja shilingi 20,000, jumla 460,000. Karatasi, wino na nauli za boti vimekula 385,000, zimebaki 75,000. Ada ambayo haijalipwa ni 820,000. Kikao cha Juni walihudhuria tisa, na watatu kati yao walikuwa wakisubiri kikao kingine katika ukumbi huohuo. Akidi yetu ni wanane. Kwa hiyo wanaosema kwamba uamuzi wa Juni ulipitishwa chumbani na watu wachache, uchache huo waliusababisha wao wenyewe kwa kutokuja.

Uamuzi wenyewe ni kutoa matokeo ya mtihani wa pamoja kwa alama za mizani, yaani alama zinazozingatia ugumu wa karatasi, badala ya asilimia. Yamesemwa mengi: kwamba watoto wamepewa alama za bure, kwamba skuli zilizofanya vizuri mwaka jana zimeonewa, kwamba mwenyekiti ameleta mambo ya kigeni. Hilo la ugeni nalijibu haraka. Modeli tuliyotumia, yaani kanuni ya hesabu inayoweka uwezo wa mwanafunzi na ugumu wa swali kwenye mizani moja, aliichapisha Georg Rasch, mwanahisabati wa Denmark, mwaka 1960. Zanzibar ilipimwa kwa mizani ya namna hiyo katika utafiti wa SACMEQ, muungano wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika wa kufuatilia ubora wa elimu, wa mwaka 2000, wastani ukiwa umewekwa 500, na sikusikia mtu akilalamika.

Hoja ya msingi ni hii. Karatasi ya mwaka huu ilikuwa ngumu kuliko ya mwaka jana. Tumejuaje? Karatasi zote mbili zilikuwa na maswali 12 ya nanga, yaani yaleyale neno kwa neno. Kila karatasi ilipigiwa hesabu peke yake, wastani wa ugumu wa maswali yake ukiwekwa sifuri. Mwaka jana wastani wa nanga ulikuwa −0.15, mwaka huu −0.55. Swali lilelile haliwezi kurahisika kwa kupigwa chapa upya. Kilichobadilika ni yale yanayolizunguka, ambayo yamekuwa magumu zaidi. Tofauti ni logiti 0.40 (logiti ni kipimo cha ugumu na uwezo katika modeli hii, swali likiwa rahisi zaidi namba hushuka), na ndiyo tuliyoiongeza kwenye ugumu wa kila swali la mwaka huu na kwenye uwezo wa kila mwanafunzi.

Tarakimu hizo ni baada ya kuondoa nanga mbili, ambazo hata baada ya marekebisho zilipishana kwa zaidi ya nusu logiti. Moja ilihamishwa kutoka nafasi ya 6 kwenda ya 37, mahali ambapo mwanafunzi anakimbizana na saa, ikaonekana ngumu. Nyingine ilikwisha kufundishwa twisheni, ikawa nyepesi ghafla. Zilibaki kumi, na kiwango cha chini tulichojiwekea ni moja ya tano ya karatasi, yaani nane. Katika utungaji ujao, nafasi ya swali la nanga isiguswe, na wala vipotoshi vyake, yaani majibu yasiyo sahihi, visipangwe upya.

Sasa lile pendekezo la "kila mtu aongezwe alama nne, yaishe." Nachukua hesabu ya mkono, kana kwamba maswali yote 40 yana ugumu mmoja, programu inatofautiana nayo kidogo. Logiti hapo ni logi asilia ya maswali aliyopata mtu kwa aliyokosa. Aliyepata 20 mwaka huu yuko kwenye logiti 0, ukiongeza 0.40 analingana na aliyepata 24 mwaka jana, maana logi asilia ya 24 kwa 16 ni 0.41. Hapo katikati nne ni sawa. Lakini aliyepata 36 yuko kwenye 2.20, ukiongeza unapata 2.60, na hiyo kwa karatasi ya mwaka jana ni 37 na kidogo. Ameongezeka alama moja tu. Na aliyepata 38 mngempa 42 katika mtihani wa maswali 40, kisha mngeniita mimi nieleze.

Mizani yetu ni 500 kwa logiti sifuri, na logiti moja ni pointi 50. Mzazi akiuliza "520 kati ya ngapi?", mwalimu ajibu kwamba hakuna kati ya, amwonyeshe jedwali la kubadilishia, ambalo nimelipanga mwenyewe na limo kwenye kila bahasha. Aliyepata 40 kamili hana kipimo chenye mwisho, kwa hiyo anahesabiwa kwa 39.7, na aliyepata sifuri kwa 0.3. Kosa la kipimo, yaani kiasi ambacho alama inaweza kupotoka kwa kawaida, katikati ni kama pointi 16, kwenye alama 38 ni kama 36. Skuli zinazopanga watoto nafasi kwa tofauti ya pointi tano ziache.

Wapo waliotaka modeli ya vigezo vitatu, ambayo kwa kila swali hukadiria ugumu, nguvu ya kutofautisha wanafunzi na nafasi ya kubahatisha, kwa sababu ya kubahatisha huko. Ni kweli, kwa chaguo nne mtu anaweza kuokota kumi bila kusoma swali, na Rasch haiondoi hilo. Lakini modeli ile hudai watahiniwa elfu au zaidi ili kigezo cha kubahatisha kitulie, na sisi tuna mia chache. Tena itawapa watoto wawili wenye 24 alama mbili tofauti, kutegemea maswali gani waliyopata. Nani ataieleza hiyo Micheweni? Badala yake tunaangalia ulinganifu wa kila swali na modeli, ambapo 1 ndiyo inayotarajiwa, na tunakubali kati ya 0.7 na 1.3. Swali la 17 lilitoka nje kabisa, wanafunzi wazuri wakilikosa na dhaifu wakilipata. Ufunguo ulikuwa umeandikwa C badala ya B. Kwa asilimia zenu kosa hilo lingepita.

Mwakani, inshaallah, tunatarajia kuingiza maswali ya kujieleza na kupima ukali wa wasahihishaji, fedha zikiruhusu, na pengine kupata kompyuta ya chama. Mshika fedha amekaa mlangoni na kitabu cha risiti.