Jicho si anga: kuhusu miwani ya njano ya madereva

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu miwani ya njano ya kuendeshea usiku ilisema mwanga wa bluu hutawanyika ndani ya jicho mara tisa kuliko mwekundu, kwa hiyo lenzi ikizuia bluu, mng'aro wa taa za magari unakwisha. Mimi ni mpimaji wa macho. Watu walioinunua miwani hiyo huja kwangu wakilalamika kuwa usiku bado hawaoni. Naomba nafasi nieleze sababu.

Hiyo mara tisa ni hesabu ya anga, ile inayoeleza kwa nini anga ni bluu. Mwanafizikia Mwingereza Rayleigh alionyesha mwaka 1871 kwamba chembe zilizo ndogo mno kuliko wimbi la mwanga hutawanya mara 16 zaidi urefu wa wimbi unapopungua kwa nusu. Linganisha mawimbi ya nanomita 400 (upande wa bluu) na 700 (upande wa wekundu), utapata tisa na ushei. Lakini chembe za ndani ya jicho si za saizi moja. Zipo protini ndogo zinazoikaribia kanuni hiyo, na zipo punje za mikromita moja na zaidi, ambazo hazibagui sana rangi na huupeleka mwanga karibu wote mbele, kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha.

Hapa ndipo hata sisi wa kazi hii tunaweza kupotoka. Ninapommulika mtu kwa mwale mwembamba wa taa ya uchunguzi, nauona ukipita kwenye konea (utando angavu wa mbele ya jicho), kisha weusi, kisha lenzi ya jicho. Ya kijana ni kijivu chenye ubluu kwa mbali; ya mzee ni ya njano, pengine kahawia. Ninachokiona ni mwanga uliorudi kwangu. Kinachomtesa yeye ni ule uliotawanyika kwenda mbele ukatanda juu ya picha kama pazia, na huo siuoni kabisa. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma mstari wa chini wa ubao wa herufi bila kusita, lakini akipishana na lori usiku, anayetembea kando ya barabara anampotea.

Kuna pia suala la melanini, rangi nyeusi ya mwili. Katika jicho jeusi, bluu kweli hutawanyika zaidi, hasa karibu na chanzo cha mwanga. Katika jicho la bluu au la kijivu (ambalo halina rangi yoyote ya bluu ndani yake, ubluu wenyewe ni mwanga uliotawanyika), mwanga mwekundu hupenya irisi (duara la rangi linaloizunguka mboni) na hata ukuta mweupe wa jicho, kisha hurudishwa na tabaka za nyuma zilizojaa damu. Ni wekundu uleule unaojitokeza kwenye mboni mkipiga picha kwa flashi. Kwa macho hayo tofauti ya bluu na nyekundu hupungua sana.

Tuchukue basi jicho jeusi, ambalo hoja ya makala inalifaa zaidi. Taa nyeupe za LED zina kilele cha bluu karibu na nanomita 450. Mchana, hisia ya jicho hapo haifiki hata sehemu moja ya ishirini ya ile ya nanomita 555, kwenye kijani chenye unjano. Kwa hiyo sehemu kubwa ya lile pazia ni kijani na njano, na miwani inaziacha zipite. Gizani jicho huanza kutegemea mawimbi mafupi zaidi, nayo miwani inayapunguza hayohayo. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia mtambo wa kuigiza uendeshaji, haukukuta faida yoyote ya miwani hiyo katika kumwona mtembea kwa miguu.

Chanzo kikubwa ni umri. Kwa kanuni inayotumiwa na wataalamu wa taa, mtawanyiko katika jicho la miaka 70 ni karibu maradufu ya ule wa ujanani, na mtoto wa jicho huuzidisha mbali zaidi. Kioo cha gari chenye vumbi nacho huongeza yake.

Anayesumbuliwa na taa amwombe mpimaji awashe taa kali pembeni mwa ubao wakati anasoma. Herufi zikififia, mara nyingi tatizo ni lenzi ya jicho yenyewe, na mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Naomba gazeti lichapishe kipimo hicho mahali palepale lilipochapisha sifa za miwani.

Mpimaji wa macho